Chumvi Mfukoni mwa Babu

Kila asubuhi babu aliamka kabla ya jogoo, ingawa hakukuwa tena na mkate wa kuoka. Alikuwa mwokaji mikate kwa miaka thelathini na minne, na mwili wake ulikataa kustaafu. Alioga, akavaa shati safi, kisha akakaa kwenye kiti karibu na dirisha la jikoni akingoja mtu wa kuzungumza naye. Mtu huyo nilikuwa mimi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akaniona kama kivuli tu, lakini alijua kila nilichofanya.

"Leo umezidisha majani," alisema nilipokuwa nikimimina chai.

"Umejuaje, babu?"

"Pua haijastaafu."

Baada ya chai nilichukua mkoba wangu na kwenda shule. Langoni tulipokewa na mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Kengele. Alikuwa ameanza kazi pale mwaka huo huo. Tulimpenda kwa sababu ya mchezo wake mmoja. Ukimpa shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaupokea mkoba wako kwenye kiganja na kuupandisha na kuushusha taratibu kama mtu anayesikiliza kitu.

"Kilo tatu na robo," alisema. "Umebeba vitabu au mawe? Ingia, kengele haina huruma."

Siku moja rafiki yangu Redio, ambaye tulimwita hivyo kwa sababu hakuzimika tangu asubuhi hadi jioni, alipeleka mkoba wake kwenye duka la jirani ukapimwe. Ulikuwa na uzito ule ule aliousema mzee.

Mimi waliniita Mnong'ono. Nikijibu swali darasani, hata aliyekaa nami dawati moja aliinamisha sikio. Nilikuwa darasa la tano, na mwalimu wetu wa lugha alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Jina lake halisi liliandikwa kwenye ripoti zetu, lakini sisi tulimwita Bi Tena. Neno hilo alilisema mara nyingi kuliko maneno mengine yote.

Bi Tena alifundisha kuandika kwa njia ya zamani, jinsi alivyofundishwa yeye. Wiki zote za mwanzo hatukushika kalamu. Alitusomea ngano mara mbili, madaftari yamefungwa, kisha akamwita mtu mbele aisimulie kwa mdomo.

"Mdomo kwanza, kalamu baadaye," alisema. "Mdomo ukipotea njia, kalamu itaufuata huko huko porini."

Nakumbuka ngano ya fisi aliyeazima kengele ya mbuzi ili aingie zizini bila kushtukiwa. Redio ndiye aliyeitwa.

"Fisi alivaa kengele," alianza, "akavaa na miwani..."

"Miwani imetoka wapi?" aliuliza Bi Tena.

"Ilikuwa usiku, mwalimu. Asingeona mlango."

Darasa zima likaangua kicheko. Bi Tena naye alikaza midomo ili asicheke. "Tena," alisema.

Tulipoweza kuisimulia bila kuongeza wala kupunguza, alitufundisha mkono. Aliunyoosha mkono wake mbele yetu na kuhesabu vidole: nani, nini, lini, wapi, vipi. Kisha alikifunua kiganja na kukigusa katikati. "Na hapa pana kwa nini. Vidole bila kiganja havishiki kitu." Tuliikondesha ngano mpaka ikabaki sentensi sita, moja kwa kila kidole na moja ya kiganja. Baadaye tukainenepesha: zizi lilinuka nini, kengele ililiaje, mbuzi alifanya nini na masikio yake. Mwisho tukaianza mkiani na kurudi kichwani. Kufikia hapo hata mimi niliijua ngano ile kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani.

Ndipo akatupa kazi kubwa ya muhula.

"Ngano haina mwenyewe," alisema. "Fisi hatakuja kunishtaki. Sasa nataka habari ya mtu, na habari ya mtu ina mwenyewe. Kila mmoja amwendee mzee wa nyumbani kwake, aombe kisa kimoja cha kazini. Sikiliza daftari likiwa limefungwa. Msimulie mwenyewe mpaka aseme, 'Ndivyo ilivyokuwa.' Kisha andika, inenepeshe, umsomee ulichoandika, naye atie alama yake chini. Jumatano tutasoma darasani. Ijumaa, visa viwili vizuri zaidi vitasomwa mbele ya wazee wenyewe."

Jioni ile nilikaa miguuni pa babu, akanisimulia.

"Kiwandani kwetu kila mwokaji alikuwa na alama yake," alisema. "Kabla mkate haujaingia kwenye tanuri, unauchanja kwa wembe. Yangu ilikuwa mistari mitatu, na wenzangu wakaniita hivyo hivyo, Mistari Mitatu. Mkate ukiharibika, tajiri anajua mlango wa kugonga. Nilikuwa na rafiki, tulimwita Mizani. Yeye ndiye aliyepima unga, hamira na chumvi kwa ajili ya kila mtu. Alikuwa na kiganja cha ajabu. Hata bila kupima alijua. Asubuhi moja aliniletea chumvi yangu kwenye kifuko cha karatasi. Mikono yangu ilikuwa imeshika gunia, nikamwambia, 'Tia hapa mfukoni.' Akatia kwenye mfuko wa aproni. Nikasahau."

"Ukasahau kabisa?"

"Kabisa. Mikate mia tatu iliokwa bila chumvi. Iliumuka haraka kupita kawaida, ikatoka myeupe kama mgonjwa. Ukiitafuna, unatafuna pamba. Wateja walirudisha yote. Tajiri akamwita Mizani mbele yetu: 'Chumvi unapima wewe. Kesho usije.' Mizani aliapa kwamba alipima. Hakuna aliyemsadiki, hata mimi. Mchana nikavua aproni niitundike, nikasikia kitu kizito mfukoni."

Babu alipapasa mfuko wa shati lake. "Hapo pembeni palikuwa na mfereji wa maji machafu. Ningetupa, nani angejua? Nikaenda nikakiweka kile kifuko mezani kwa tajiri. Mizani akarudi kazini, mimi nikakatwa mshahara wa mwezi. Basi. Nisimulie."

Nilimsimulia. Mara ya kwanza nilisahau gunia. Mara ya pili nilisahau aproni. Mara ya tatu babu akasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Kesho yake, njiani, Redio alinisimulia kisa chake. Babu yake alikuwa dereva. Breki za lori zilikatika mlimani, akaliegesha kwenye kichuguu, watu kumi na wanane wakashuka salama. "Hata kuku hakufa!" alisema. "Na babu yako je? Aliokoa nini?"

"Bado naandika," nilinong'ona.

Niliona aibu. Wengine wana babu waliookoa malori, wangu alisahau chumvi. Nilipokaa kuandika, kalamu ilianza vizuri, lakini ilipofika kwenye chumvi nikaipinda kidogo tu. Niliandika kwamba Mizani ndiye aliyesahau kupima. Niliandika kwamba babu alionja donge, akatema, akapaza sauti, "Simamisheni tanuri!" Tajiri akampa mkono mbele ya wote. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo kunenepesha. Tena Mizani alihama mji miaka mingi iliyopita, babu mwenyewe alisema. Nani angedhurika?

Lakini kama kweli ningesadiki hayo, nisingefanya nilichofanya jioni ile. Nilimfungulia babu daftari, nikapitisha kidole kwenye mistari niliyoandika, na mdomo wangu ukamsimulia ile habari ya kweli. Macho yalisoma moja, ulimi ukasema nyingine. Babu alisikiliza, akatabasamu, akaomba kalamu. Niliushika mkono wake, nikauweka chini ya ukurasa. Alichora mistari mitatu, imara, kama anachanja mkate.

Jumatano nilisimama mbele ya darasa. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilipofika kwenye "Simamisheni tanuri!" hata waliokaa dawati la mwisho waliinua vichwa. Nilieleza jinsi Mizani alivyojivunia kiganja chake, akiupandisha na kuushusha mzigo hewani, lakini siku hiyo akasahau chumvi. Walicheka. Nilipomaliza walipiga makofi, na mtu akasema, "Kumbe Mnong'ono ana kinywa!"

Bi Tena aliitazama ile mistari mitatu kwa muda. "Ndivyo ilivyokuwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kisa chako kitasomwa Ijumaa. Mlete babu."

Niliporudi kukaa, Redio alinikamata mkono, macho yamemtoka. "Anayepima kwa kiganja! Si Mzee wa Kengele huyo? Aliwahi kuniambia alifanya kazi kiwanda cha mikate!"

Sikuwa nimewahi kuwaza hilo. Nilitaka kumwambia anyamaze, lakini redio haina mlango wa kufunga.

Asubuhi ya Alhamisi nilisikia kelele kabla sijafika langoni. "Mzee, leo umepima chumvi?" mmoja alipiga kelele. "Shikamoo, Bila Chumvi!" akadakia mwingine, na kundi zima likakimbilia ndani likicheka. Mzee wa Kengele alisimama na mikono nyuma. Hakupokea mkoba wa mtu yeyote. Nilipojaribu kupita pembeni, aliniita.

"Mjukuu wa Mistari Mitatu."

Aliyeniita hivyo lazima alimjua babu. Nikasimama.

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Yu hai?"

"Yu hai. Ni macho tu."

"Mungu ni mwema." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Wenzako wamenieleza kisa. Ni yeye aliyekwambia mimi ndiye niliyesahau?"

Neno moja tu lingetosha. Lilifika kooni likakwama, na kimya changu kikamjibu kwa niaba yangu.

"Basi, ni uzee," alisema polepole. "Hata mimi nasahau. Kesho nitaomba ruhusa nisiwepo. Akiniona hapa atakumbuka, ataaibika mbele ya watu, naye ni ndugu yangu."

Alikuwa amesingiziwa kwa kinywa changu, na bado alikuwa akitafuta namna ya kumfichia babu aibu.

Nyumbani nilimkuta babu amekaa mlangoni, anang'arisha viatu kwa kupapasa. "Nitapendeza kesho?" aliuliza. "Unajua, nimekuwa nikiwaza. Laiti Mizani angekuwepo, asikie kwamba bado nakumbuka."

Hapo nililia. Nilimweleza yote, bila mpangilio, mkia kabla ya kichwa. Babu aliweka kiatu chini.

"Nisomee ulichoandika. Safari hii macho na mdomo viende pamoja."

Nilisoma. Kila sentensi ilinichoma. Nilipomaliza aliipapasa ile mistari yake chini ya ukurasa.

"Kwa hiyo nimetia alama yangu kwenye mkate ambao sikuuoka," alisema. "Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Niliona aibu, babu. Babu yake Redio aliokoa lori. Wewe ulisahau chumvi."

Nilitegemea hasira, lakini aliguna, karibu kucheka. "Kila mwokaji amewahi kusahau kitu. Unadhani nilikusimulia kwa sababu ya chumvi? Nilikusimulia kwa sababu ya zile hatua ishirini, kutoka kwenye msumari wa aproni hadi mezani kwa tajiri. Nimetembea mengi maishani, lakini sijaona mwendo mrefu kama ule. Nawe ndio ulioukata." Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wangu. "Sasa chumvi iko wapi?"

Nilielewa. "Mfukoni mwangu, babu."

"Basi meza unaijua."

Ijumaa nilifika langoni kabla ya wanafunzi wote. "Mzee," nilisema, "babu hakusema vile. Ni mimi niliyeandika. Nakuomba usiondoke mpaka wazee waje. Walionisikia nikikusingizia lazima wanisikie tena." Kisha aliupokea mkoba wangu, akaupandisha na kuushusha, lakini hakutaja kilo.

"Nitasimama mlangoni," alisema.

Bi Tena nilimkuta akifuta ubao. Nilimweleza, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Nilingoja kuadhibiwa. Alisema neno moja tu.

"Tena."

"Mwalimu?"

"Mbele ya watu wote. Daftari likiwa limefungwa."

Darasa lilijaa. Wazee walikaa kwenye madawati yetu madogo, magoti yamefika kifuani. Babu alikaa mstari wa mbele, viatu vyake vinang'aa. Redio alisoma kisa cha lori akashangiliwa. Kisha nikaitwa. Nilisimama bila daftari, nikaficha mikono mgongoni na kuanza kuhesabu vidole kimyakimya. Nani. Nini. Lini. Niliamua kuanzia mkiani.

"Chumvi ilikuwa mfukoni mwa babu yangu," nilisema. "Mizani alikuwa ameipima sawasawa."

Sauti yangu ikazama. Kutoka pembeni nikamsikia Redio: "Sauti, Mnong'ono! Unaweza!" Nikavuta pumzi.

Nilisimulia gunia, aproni, mikate myeupe kama mgonjwa. Nilisimulia zile hatua ishirini, moja moja. Mwisho nikasema, "Jumatano nilisema Mizani alisahau. Nilidanganya. Babu yangu alimsafisha mwenzake zamani, mimi nikamchafua tena ili nipigiwe makofi. Mzee, nisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Wale waliopiga kelele langoni waliinamisha vichwa. Katika kile kimya mtu alikohoa mlangoni, na babu akageuza kichwa ghafla.

"Kikohozi hicho nakijua. Kina unga ndani."

"Mistari Mitatu," alisema Mzee wa Kengele, "bado unasahau vitu?"

"Nimesahau sura yako. Ni bahati yangu!"

Darasa lililipuka kwa kicheko. Mzee alipita katikati ya madawati, akatia kiganja chini ya mkono wa babu, akaupandisha na kuushusha. "Kilo hamsini na mbili na gunia lake. Umekwisha, ndugu yangu!" Wakakumbatiana, wakabaki hivyo, na wazee wengine wakatazama madirishani ili wasione machozi yao.

Bi Tena alingoja. Kisha alisimama mbele na kuunyoosha mkono wake kama siku ile ya kwanza.

"Nina kosa langu katika jambo hili," alisema. "Niliwafundisha kunenepesha, nikasahau kuwaambia mpaka uko wapi. Sikilizeni. Inenepesheni habari kwa yale mliyoyaona na kuyasikia: harufu ya tanuri, uzito wa gunia, kikohozi cha mtu. Msiinenepeshe kwa yale mnayoyatamani, kwa maana unono huo hutolewa mwilini mwa mtu mwingine. Na anayekosea kisha akairudia njia yake yote mbele ya watu, huyo amejifunza kusimulia." Alinigeukia. "Leo nimekuelewa kila neno, hata nyuma wamesikia. Sasa kaiandike."

Niliiandika siku ile ile, na wazee wawili wakaketi kila upande wangu wakibishana kama gunia lilikuwa la kilo hamsini au tisini. Nilipowasomea, walisema kwa pamoja, "Ndivyo ilivyokuwa." Babu alichora mistari yake mitatu. Rafiki yake alichora mstari mmoja uliolala, na vitone viwili vikining'inia huku na huku.

Daftari hilo ninalo hadi leo. Karatasi zimekuwa za manjano, na wote wawili wametangulia. Lakini kila ninapotaka kusimulia habari ya mtu, huupeleka mkono chini ya meza, nikahesabu vidole, nikafika kiganjani. Kisha hupapasa mfuko wangu kwanza, nione kama hakuna chumvi ya mtu iliyobaki humo.